Saa tisa alasiri ina bei yake

Darasa la tano wanatoka saa nane na nusu. Angalau ndivyo ratiba inavyosema. Mwezi Februari nilisimama nje ya shule moja ya msingi ya serikali huku Temeke, nikimsubiri binti wa dada yangu. Saa nane na nusu ikapita, saa tisa ikapita, na getini walikuwa wametoka watoto kama kumi tu. Wengine walikuwa wanahamisha madawati. Mikondo miwili ya darasa la tano ilikuwa inajibana chumba kimoja, mwalimu amesimama mlangoni na daftari lake kubwa, na kwenye kiti pembeni yake kuna kopo la maziwa ya unga. Kila anayeingia anatumbukiza jero, yaani shilingi mia tano, jina lake linawekewa vema, anapita. Asiye na jero hahitaji kuambiwa pa kukaa. Anazunguka nje, anachuchumaa chini ya dirisha na kunakili kile atakachokisikia.

Nikasogea kwenye ubao wa matangazo ili nisionekane nachungulia. Pale kulikuwa na karatasi iliyopauka kwa jua, pini moja imekwishatoka, imeandikwa RATIBA YA KLABU. Jumatatu Malihai, Jumanne skauti, Jumatano michezo, Alhamisi sanaa na maigizo, Ijumaa usafi wa mazingira. Zote zinaanza saa tisa alasiri. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza mpwa wangu klabu yao ya skauti inakutana wapi. Akafikiri kidogo. "Mjomba, si wale wanaomvisha mgeni rasmi skafu?"

Ndio hao hao. Wanatokea Mwenge wa Uhuru unapopita, wanavisha skafu, wanapiga saluti, wanarudi darasani.

Kila mwaka, msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukikaribia, viongozi hukumbuka vipaji vya watoto, na hotuba zinafanana: shule hazina viwanja, hazina mipira, hazina jezi. Ni kweli hazina. Lakini mtoto wa uswahilini hajawahi kushindwa kucheza eti kwa sababu mpira haupo. Hata mifuko ya plastiki, ambayo watoto walisokotea mipira yao, ilipopigwa marufuku mwaka 2019, hakuna mtaa niliousikia ukisema chandimu imekufa. Watoto walihamia kwenye soksi na matambara, wakafunga kamba, mchezo ukaendelea. Kitu ambacho shule haina saa tisa alasiri ni mtu mzima wa kubaki na watoto. Mtu mzima huyo ana nauli, ana njaa, ana mtoto wake nyumbani, na saa yake moja ina mnunuzi mwingine aliyesimama mlangoni na kopo.

Mimi nilisoma Morogoro, mwishoni mwa miaka ya themanini. Klabu yetu ilikuwa Malihai. Klabu hizi zilianza mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha, ili watoto wa shule wajue wanyamapori na misitu kabla hawajawa watu wazima wa kuvikata na kuvila. Mnyamapori mkubwa tuliyewahi kumwona ni kima aliyekuwa anaiba mahindi ya shamba la shule. Lakini tulikuwa na kitalu. Mwalimu wetu wa sayansi alikitengeneza nyuma ya choo cha wavulana, mahali ambapo maji ya kunawia hayapotei bure, na kila mwanaklabu alikuwa na makopo kumi ya miche yenye namba yake. Mche ukifa uliulizwa, na uliulizwa mbele za watu. Mjohoro wangu mmoja bado umesimama. Nilipita pale Desemba, nikakuta wameupigilia kibao: USIKOJOE HAPA.

Kwa miaka mingi niliamini yule mwalimu alibaki nasi kwa sababu ya wito. Wito alikuwa nao, sibishi. Ila alikuwa na kitu kingine ambacho nilikuja kukitambua nilipoanza kulipa kodi ya nyumba mwenyewe: aliishi ndani ya eneo la shule. Kutoka mlangoni kwake hadi kitaluni ni hatua mia mbili. Saa kumi alipita kuwaangalia kuku wake, akatukuta, akatugombeza, akaingia ndani, akatoka tena na kikombe cha chai mkononi. Kubaki na sisi hakukumgharimu senti. Alikuwa nyumbani.

Sasa mchukue mwalimu wa Dar es Salaam ya leo. Anafundisha Kinondoni, anaishi Chanika, kwa sababu Chanika ndiko alikopata kiwanja cha kulipia kidogo kidogo. Ana daladala mbili, wakati mwingine tatu. Akitoka shuleni saa tisa atawahi kabla foleni haijakaza. Akitoka saa kumi na moja ataning'inia mlangoni, na akifika watoto wake mwenyewe wameshalala bila kuulizwa wamefanya nini shuleni. Mwalimu huyu akiambiwa abaki na klabu ya mazingira, anaambiwa awape watoto wa wenzake saa alizokuwa awape wa kwake, na alipe nauli ya usiku juu.

Halafu piga hesabu ya lile kopo. Darasa lina watoto 80, tuseme nusu yao wana jero. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa siku, laki moja kwa wiki, laki nne kwa mwezi, na hapo ni darasa moja. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025, na watu wakashangilia, kwa haki kabisa. Lakini kopo moja la darasa moja linakaribia kima hicho. Hata walimu wakigawana wanne na kitu kidogo kikapelekwa ofisini, bado kila mmoja anapata nauli ya mwezi na mboga. Matamko ya kukataza michango ya lazima na masomo ya likizo yametolewa mara nyingi kiasi kwamba wazazi hawayasomi tena hadi mwisho. Tamko halina nguvu mbele ya kopo, kwa sababu tamko halimwambii mwalimu hiyo laki ataipata wapi.

Ningekuwa mwepesi wa kulaumu ningeishia kwa walimu. Lakini jero inatoka mfukoni mwa mzazi, na mzazi si mjinga. Nilimuuliza jirani yangu, mama lishe pale Rangi Tatu, kwa nini anamlipia mwanawe wa darasa la tatu, ambaye kwa umri wake hana mtihani wowote wa kutisha mwaka huu. Alicheka. "Kaka, mimi nafunga biashara saa kumi na mbili. Akitoka saa nane atakaa na nani?" Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa huyu mama, tuisheni ni ulezi. Kwa mia tano mtoto wake anakuwa ndani ya ukuta, mbele ya mtu mzima anayemjua jina, kwa saa mbili na nusu. Hesabu za sehemu ni nyongeza. Hakuna yaya wala jirani mjini hapa atakayekushikia mtoto kwa bei hiyo.

Hofu yake ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na njia ya kwenda na kurudi shule ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Kwa hiyo mtu anayependekeza klabu za jioni bila kusema watoto watarudije nyumbani, na saa ngapi, hajawasikiliza akina mama. Na mtoto wa kike ana deni jingine: ndoo. Mvulana akichelewa uwanjani anaitwa mtundu, msichana akichelewa maji hayajachotwa, wadogo hawajaogeshwa, na siku inayofuata hatarudi kwenye netiboli. Nimeona timu nzima ya netiboli ikifa muhula mmoja kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa linatoka jioni tu.

Wapo wanaosema klabu zilikufa pale michezo ilipofutwa shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Joseph Mungai, alisimamisha mashindano ya michezo ya shule, hoja ikiwa kwamba yanakula muda wa masomo. Baadaye yakarudishwa. Yale maamuzi yaliumiza, hasa kwa sababu kizazi kizima cha walimu kilipita vyuoni na kuingia kazini bila kuona jioni ya michezo ikifanya kazi. Lakini mashindano yamekuwepo tena kwa miaka mingi sasa na klabu hazikufufuka nayo. UMITASHUMTA ni kitu kingine kabisa. Inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa, na kila ngazi kazi yake ni kuchuja. Shule ya watoto 1,500 inatoa watoto thelathini hivi wa kuvaa jezi. Waliobaki wanapewa kazi ya kushangilia. Klabu ni ya hao waliobaki: mnene asiyejua kukimbia, mwenye kigugumizi, yule anayependa kuhesabu ndege, yule asiyependa kitu chochote mpaka siku akishika ngoma.

Makala za namna hii zikifika hapa humtaja Mbwana Samatta, aliyekulia Mbagala akafika Ligi Kuu ya England. Namheshimu sana, ila hoja hiyo siipendi. Ukimwambia mzazi kwamba klabu itamtoa mwanawe kuwa Samatta, umemdanganya, na mzazi anajua. Darasa zima la watoto 80 huenda lisitoe hata mchezaji mmoja wa daraja la pili. Klabu lazima iwe na maana kwa mtoto ambaye atakuwa fundi cherehani au karani wa manispaa.

Shuleni kwenyewe, mtaala haujasahau. Kulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 kuna Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Somo lipo, kipindi kipo, na daftari la mpwa wangu lina ukurasa mzima wenye kichwa "Sheria tano za mpira wa pete". Amezinakili ubaoni, amepata tano kwa tano, mwalimu ameandika "Vizuri sana". Mpira wenyewe hajaushika.

Ukitaka kuona klabu ya baada ya masomo inayofanya kazi kweli kweli, Pwani au Zanzibar, usiende shuleni. Nenda madrasa. Saa tisa na nusu uchochoro mzima unajaa kanzu na mitandio, watoto wamebeba misahafu kifuani, wadogo wanakimbia wasikose nafasi mkekani. Ustadhi mmoja ana watoto sitini na hawezi kuwasikiliza wote, kwa hiyo mabinti wakubwa waliomaliza juzuu kadhaa wanawashika wadogo alifu na bee, na kila mtoto anajua yuko wapi, nani yuko mbele yake, na nani anamkaribia kwa nyuma. Ada ni kidogo, inalipwa mkononi, na asiye nayo mara nyingi analetewa na jirani kimya kimya. Ukifika mwezi wa Maulidi wanapewa kaswida za kuimba, dufu zinatolewa stoo, na mama zao wanakuja kuwaangalia wakiwa wamevaa kitambaa cha sare kilichoshonwa kwa mkopo. Kwa Wakatoliki, Utoto Mtakatifu na kwaya ya watoto vinafanya kazi ileile Jumamosi na Jumapili.

Sisemi shule iwe madrasa. Bakora zipo huko pia, na mambo mengine ambayo wazazi hawapendi kuyasema kwa sauti. Lakini angalia kinachoiendesha. Mwalimu anaishi pale pale mtaani. Kuna kitu kidogo kinachoingia mkononi mwake kila wiki na hakuna anayejifanya hakioni. Wakubwa wanafundisha wadogo. Kuna siku moja katika mwaka ambayo mtoto atasimama mbele za watu. Na kila siku, mvua isiponyesha sana, mlango uko wazi. Vifaa ni mkeka na ubao. Ustadhi hangoji mfadhili wa kumletea mkeka.

Mwaka 1991 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikaa na wanafunzi 12 wa sekondari barazani nyumbani kwake Dar es Salaam wakazungumza mambo yanayowasumbua kuhusu mazingira. Kikao hicho ndicho kilichozaa Roots & Shoots, klabu ambazo leo ziko katika nchi nyingi duniani. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kwenye salamu za rambirambi wengi walitaja sokwe. Mimi nilikuwa nafikiria ile baraza. Alikuwepo mtu mzima mwenye nafasi alasiri hiyo, na palikuwa na mahali pa kukaa.

Shule binafsi wamelielewa hili zamani, kwa njia yao. Kwenye mabango yao utasoma kuogelea, sataranji, taekwondo, piano, na sasa robotiki. Yote yanalipiwa kwa muhula, mwalimu analetwa kwa saa, analipwa kwa saa. Sitaki kuwasema vibaya. Wanachofanya ni kutaja bei. Ninachowashangaa ni sataranji. Nje ya geti la mojawapo ya shule hizo, chini ya mwarobaini, wazee wanacheza bao kuanzia asubuhi: mashimo 32, kete 64, na mtu anahesabu kichwani mtaji utaishia shimo gani kabla hajanyanyua mkono. Ndani ya geti mtoto analipiwa pesa nyingi afundishwe kupanga mbele hatua tatu.

Turudi kwenye shule ya jero, maana ndiko waliko watoto wengi.

Shule ya watoto 1,000. Tuseme kila siku ya klabu wanabaki watu wazima wawili, saa tisa hadi kumi na moja kasoro, na kila mmoja anapewa Sh5,000. Hiyo ni 10,000 kwa siku. Siku nne kwa wiki ni 40,000. Wiki 36 za masomo ni Sh1,440,000 kwa mwaka. Gawanya kwa watoto 1,000: Sh1,440 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Jero tatu hazifiki. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwaka, sehemu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Kutenga hiyo elfu moja na mia nne kutoka humo kungeuma, kwa sababu chaki na karatasi za mitihani zinatoka humo humo. Lakini kama wizara ingeiongeza juu ya ruzuku kwa jina lake, fungu la saa za jioni, likaguliwe kama chaki inavyokaguliwa, tungekuwa tunazungumza kitu kinachowezekana.

Nitaambiwa elfu tano haishindani na kopo. Haishindani, na haina haja ya kushindana. Soko la tuisheni ni la hesabu, Kiingereza na sayansi, na wateja wake wakubwa ni darasa la nne na la saba. Mwalimu wa darasa la kwanza hana kopo. Mwalimu wa michezo hana kopo. Na kuna kundi jingine ambalo kila mkuu wa shule analijua: walimu wa kujitolea. Vijana waliohitimu ualimu, hawajaajiriwa, wanakuja kufundisha bila mshahara ili wasisahau kazi na wasisahaulike. Wengi wao wanaishi mtaa uleule wa shule, kwa wazazi wao. Wao ndio warithi wa yule mwalimu wangu wa Morogoro mwenye kuku, hatua mia mbili kutoka kitaluni. Kwa kijana wa namna hiyo 20,000 kwa wiki ni pesa yenye jina. Sharti ni kwamba mkuu wa shule awe anawajua, watoto wasiwe chini ya mtu mmoja peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, na kengele ya kwenda nyumbani ilie wakati jua bado lipo.

Kuna sababu ya kufanya hivi sasa badala ya baadaye. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Kwa maandishi, mtoto akimaliza la sita anavuka kwenda kidato cha kwanza kama anavyovuka kutoka la tano kwenda la sita, kwa hiyo ile hofu iliyojenga soko la tuisheni ilipaswa kupungua. Sitegemei ipungue yenyewe. NECTA, Baraza la Mitihani, ilipoacha kutangaza shule kumi bora, mwanzoni mwa 2023, shule ziliendelea kujipanga zenyewe kwenye mabango. Na mikondo miwili ikimaliza kwa pamoja, kuna mwenye kopo atakayesema huu ndio mwaka wa hatari kuliko yote, na mzazi atamwamini kwa sababu hakuna mwingine anayefungua mlango saa tisa.

Mwezi Machi kulikuwa na mkutano wa wazazi pale shuleni. Nikasimama na ile hesabu yangu kwenye karatasi. Mkuu wa shule alisikiliza kwa adabu, akanikumbusha kwamba michango ina utaratibu wake na yeye hataki kuandikiwa barua. Baba mmoja akauliza nani atazishika hizo hela, ukumbi ukacheka. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akauliza swali la maana kuliko yote: siku ya mvua watakaa wapi, na shifti ya mchana iko madarasani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukakubaliana kujaribu Jumanne na Alhamisi tu, muhula mmoja, kwa binti mmoja wa kujitolea anayeishi nyuma ya shule na mwalimu wa darasa la kwanza aliyesema yeye yupo tu. Posho yao tukachanga wazazi saba, kwa hiari yetu na kwa ruhusa ya kamati, na nikamwomba radhi mkuu mapema kama barua itakuja.

Jumanne ya kwanza nilienda. Mpira ulikuwa mmoja, na ulitoboka ndani ya dakika ishirini. Wakahamia rede, kwa mpira wa soksi aliokuwa nao mtoto mmoja kwenye begi, siku zote. Yule binti aliandika majina ya waliokuja kwenye daftari lenye karatasi ya kaki, yakafika sitini na mbili, akaacha kuhesabu. Mlangoni kwa darasa la tano kopo la maziwa lilikuwa mahali pake kama kawaida, na mwalimu alikuwa ameanza sehemu na desimali. Nikazunguka nyuma kuangalia dirishani. Hapakuwa na mtu. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuandikwa.